Diski Tuliyoiacha Bila Kufungwa

Jambo la kwanza nililofundishwa kazini halikuhusu kompyuta. Lilikuwa swali: "Nyumbani ana deki gani?" Mama Aika, mwenye studio, alitaka nilitoe kabla sijapokea mkanda wa mteja na, ikibidi, kabla sijamkaribisha kiti. Mwaka huu nimestaafu. Macho yamechoka na magoti hayataki tena kusikia habari za ngazi za studio yetu ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Nyinyi mnaoendelea na kazi ya picha mmeniomba niandike niliyoyaona, nami ninaanza na swali hilo kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa humo.

Deki, kwa mliozaliwa mkakuta simu tayari, ni mashine ya kuchezea picha inayokaa chini ya televisheni. Kwanza ilikula mikanda, baadaye ikala diski, na watu wakaendelea kuiita deki bila kujisumbua. Diski nayo waliiita sidii hata ilipokuwa DVD. Sikubishana nao. Mteja aliposema, "Niwekee kwenye sidii ile ya DVD," nilimwelewa, na maisha yakaendelea.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la jumla la vitenge. Chini wapagazi walipiga kelele za kuomba njia kuanzia asubuhi, kwa hiyo sauti ya mkanda hukuweza kuisikia bila hedifoni. Mama Aika alikuwa mwanamke wa Machame, mpole wa sauti na mkali wa kila kitu kingine. Alianza kwa kukodisha mikanda ya filamu, kisha akageukia kuhamisha harusi za watu kutoka kwenye mikanda kwenda kwenye diski. Alinichukua mimi, Shamsa, binti wa mtaa wa Gerezani nisiyejua hata kuwasha kompyuta, kwa sababu moja. Harusi zetu za pwani zina sehemu ya ndani, ya wanawake peke yao. Buibui huvuliwa, bibi harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili kwa singo ya manukato, somo wake, kungwi wa harusi, humfunda, na watu wazima hucheza ngoma ambazo kesho yake hawatakubali kwamba wamezicheza. Mwanamume haoni. Basi anayepiga picha awe mwanamke, na anayekaa na picha hizo kwenye kompyuta awe mwanamke pia, nyuma ya pazia.

"Mimi ni mwanamke lakini si wa mila hiyo," Mama Aika aliniambia siku ile ya kwanza. "Wewe utajua cha kukata na cha kuacha. Mimi naweza kumkata bibi harusi nikaacha masufuria."

Siku hiyohiyo alinipa sheria ya pili: fundi hasikiki. Ukishika kamera usicheke, usikohoe, usiitikie salamu. Mteja ananunua harusi yake, si sauti yako. Sheria hiyo niliishika mpaka wenzangu wakaniita bubu, na nilijivunia.

Dirishani kulikuwa na deki kuukuu ya kampuni yenye jina kubwa. Mwenyewe aliiuza kwa hasira kwa sababu ilikuwa ikikataa kila diski, na Mama Aika akainunua kwa sababu hiyohiyo. Aliiita Mkwe. Mkwe akikubali, alisema, hakuna nyumba mjini hapa itakayokataa. Nilipochoma diski yangu ya kwanza nilichukua faili la harusi, lililokuwa la AVI, aina ya kompyuta, nikalinakili kwenye diski lilivyo. Kwenye kompyuta lilicheza vizuri na nikajiona nimekuwa fundi. Mama Aika akanyoosha kidole dirishani. Nikampa Mkwe. Akaizungusha, akakoroma, akaitema.

"Umempa mpunga," Mama Aika akasema. "Yeye anakula wali."

Tangu hapo tukaita kazi hiyo kupika. Faili linalocheza kwenye kompyuta si lazima licheze kwenye deki. Deki ya kawaida inataka picha iliyogeuzwa kuwa MPEG-2, ikapangwa kwenye folda zake maalumu, kwa mfumo wa PAL unaotumika kwetu. Ukifanya hivyo umetengeneza DVD. Usipofanya umetengeneza kabati la mafaili, na kuna deki zitakazolifungua na nyingine zitakazokuandikia kwamba hakuna diski.

Kichekesho ni kwamba deki za bei ya chini ndizo zilizokuwa na roho nzuri. Zile za Kichina zilicheza AVI, zilicheza DivX, zilicheza hata diski iliyokwaruzwa na mtoto. Mwenye shida alikuwa yule aliyeletewa deki ya kifahari na shemeji. Kontena jipya likishushwa bandarini na madeki ya aina mpya, sisi tulijua kabla ya wafanyabiashara wenyewe, kwa sababu malalamiko yalibadilika. Na mteja akisema diski ni ya ndugu aliye Kanada, usipike PAL. Huko wengi wanatumia mfumo wa NTSC, na ndugu atapiga simu kukueleza kwamba bibi harusi anapanda juu ya skrini kama lifti.

Mengine nitayasema kwa haraka. Diski moja ya kawaida inatosha saa mbili za picha nzuri. Harusi za hapa haziishi ndani ya saa mbili, na mteja atakuomba ubane yote kwenye diski moja. Mkatalie, la sivyo nyuso zitakuwa vigaevigae wakati wa kucheza, yaani wakati ambao kila mtu anajitafuta. Choma kwa mwendo wa polepole. Usibandike karatasi juu ya diski ili ipendeze, maana ikipata joto inabanduka ndani ya deki na wewe ndiye utakayeitwa kuitoa. Na kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo. Mwenzetu mmoja alifuta herufi za MP4 mwishoni mwa jina la faili akaandika za DVD, akatutazama sote kwa ushindi. Mkwe akamrudisha duniani.

Lakini kosa lililomkera Mama Aika kuliko yote ni kusahau kuifunga diski. Tulikuwa na deki ya kurekodi, mashine nzito inayoandika diski yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye kamera, bila kompyuta. Ikimaliza kuandika, lazima uiamuru ifunge, yaani iandike mwanzoni mwa diski orodha ya kilichomo na kilipo. Usipofunga, mashine iliyoandika inakumbuka, lakini deki nyingine yoyote itaiona diski hiyo kuwa tupu. Wateja walirudi wakiwa wamefura, wakisema tumewapa diski isiyo na kitu, na Mama Aika aliomba radhi kwa sauti yake ile ya chini, ambayo baadaye ilikugeukia wewe. Alituapia kwamba diski isiyofungwa haitavuka mlango wake.

Sasa nifike kwa Tatu, mmoja wa mabibi harusi wetu.

Kabla ya harusi yake kulikuwa na harusi nyingine mtaa wa jirani. Haikuwa kazi yetu. Waliochukua kazi hiyo waliiweka sehemu ya ndani kama faili dogo la simu, kwa sababu familia ilitaka kitu kinachocheza popote. Kikacheza popote kweli. Kikapita simu hadi simu, kikafika kwenye vijiwe, na wanaume wasiomjua bibi harusi wakamjua. Yule binti alirudishwa kwao kabla hina haijafutika mikononi. Nilimlilia, ingawa sikuwa nikimfahamu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikidhani kazi yetu ni kufanya picha icheze kila mahali.

Harusi ya Tatu niliipiga mwenyewe, ndani, ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja. Siku chache baadaye alipanda ngazi zetu na buibui lake, uso hauna furaha ya bibi harusi.

"Shikamoo, Da Shamsa."

"Marahaba. Ndoa inasemaje?"

"Salama. Nimekuja kwa ajili ya picha za ndani."

Nikauliza swali langu. Nyumbani ana deki gani?

"Siyo kwangu," akasema. "Ni Upanga, kwa Mjomba Haji. Bibi yuko kule, anauguzwa."

Bibi huyo aliitwa Mwanahawa. Ndiye aliyemlea Tatu tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyepaswa kuwa somo wake. Maradhi yakamlaza, akawekwa kwa mwanawe Upanga ili awe karibu na hospitali, na harusi ikapita bila yeye. Alikuwa na ombi moja tu, amwone mjukuu wake akitolewa mbele ya wanawake, amepambwa. Lakini nyumba ya mgonjwa haina mlango. Watu waliingia na kutoka, na simu zao, na kompyuta zao. Mama mkwe wa Tatu, baada ya kisa cha yule binti mwingine, alikuwa amekwisha kusema waziwazi: picha moja ya ndani ikionekana nje, Tatu anarudi kwao.

"Nataka Bibi aone," Tatu akaniambia. "Na asiyehusika asiweze kuona, hata nikiiacha mezani."

"Diski ikicheza kwa Bibi itacheza kwa yeyote, mdogo wangu."

"Basi nitamwambia hazikutoka vizuri." Akatazama sakafu. "Ataniamini. Hajawahi kunishuku."

Maneno hayo yaliniumiza. Nilijua picha zilitoka vizuri, na nilijua mgonjwa yule alichokuwa anakisubiri. Ndipo macho yangu yakaangukia deki ya kurekodi. Nikamweleza Mama Aika nilichowaza: tuandike diski kwa mashine ile, tusiifunge, na mashine yenyewe iende Upanga ikae na Bibi.

"Diski isiyofungwa haitoki humu," Mama Aika akasema.

"Haitatoka peke yake. Itatoka na mashine."

Mama Aika alichukua kitambaa, akaanza kuifuta mashine vumbi, juu, pembeni, mpaka nyuma kwenye matundu ya waya. Ilikuwa ndiyo mashine yetu pekee ya aina ile.

"Waambie wasiiweke juu ya friji," akasema mwishowe. "Friji inatetema."

Nikaandika diski mchana ule nyuma ya pazia. Sitawadanganya, fundi mwenye programu maalumu angeweza kuilazimisha ifunguke. Lakini tulikuwa tunajikinga na wageni wanaoingia na kutoka, si na mafundi. Mkanda wenyewe Tatu aliuvuta utepe wote kwa mikono yake na tukauchoma uani. Ikabaki diski moja tu.

Niliipeleka mashine Upanga kwa bajaji, nimeipakata kwenye khanga. Wanaume walitolewa chumbani, nikachomeka waya zile za njano, nyekundu na nyeupe kwenye televisheni ndogo, Tatu akakaa kitandani kwa bibi yake. Bibi Mwanahawa alikuwa amekonda, lakini ulimi haukuwa mgonjwa.

"Hapo wamekosea," alisema singo ilipoanza. "Nani kawafundisha kupaka hivyo?" Baadaye kidogo: "Yule mwenye gauni la kijani ni nani? Anacheza kwa kusahau umri wake." Tatu alipotolewa, amepambwa, Bibi aliomba irudiwe. Nikairudia, na nikarudia tena.

Nilirudi baada ya siku kadhaa kuangalia kama mashine iko salama, nikakuta kumetokea jambo. Mjomba Haji, mtu mwema, hakujua yaliyomo. Aliona mama yake anahangaika na televisheni ndogo, akaichukua diski aiweke kwenye deki yake kubwa ya sebuleni ili mgonjwa afaidi. Wageni walikuwa wamekaa. Akaichomeka, akaitoa, akaipangusa, akairudisha.

"Mama, humu hamna kitu," alimwambia akiirudisha chumbani. "Wamekupa diski tupu hawa."

"Kwako tupu," Bibi akamjibu. "Irudishe ulikoitoa."

Tatu aliponisimulia hayo alikuwa akicheka.

Siku ile Bibi aliniita karibu. "Mashine hii inaandika pia?"

"Inaandika, Bibi."

"Na hiyo diski ina nafasi?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Diski ikifungwa huwezi kuongeza kitu tena, lakini hii hatukuifunga, na nafasi ilikuwepo. Nikamwambia ipo.

"Basi niandike na mimi. Mjukuu wangu aliolewa bila somo."

Nikarudi Kariakoo kuchukua kamera. Alivalishwa khanga mpya, akaegemezwa mito, Tatu akakaa miguuni kwake kama mwali. Bibi akamfunda, kwa pumzi fupifupi, mambo ambayo somo humwambia mwali. Sitayaandika hapa, ni ya ndani. Alipomaliza aliitazama kamera na kusema, "Haya. Nimefika harusini." Nilikuwa nalia nyuma ya kamera, na sikutoa sauti.

Alifariki kabla ya mfungo. Mashine ikarudishwa studio na diski ikiwa ndani yake. Tatu alikuwa anamfuata mumewe aliyehamishiwa kikazi Mtwara, akaomba zibaki pamoja kwetu. Tukaiweka rafu ya juu na kuifunika. Mama Aika hakuitumia tena kwa kazi nyingine, na hakusema kwa nini. Kila Tatu alipokuja Dar alipitia studio, tukashusha pazia, akaangalia, akaenda zake.

Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe. Diski zilipungua, zikaja flashi, kisha watu wakataka kila kitu kwenye simu. Studio ilipofungwa Mama Aika alirudi Machame, akaniachia Mkwe na deki ya kurekodi, nikazipeleka kwangu Ilala. Nikaendelea kidogo na kazi za nyumbani, za wale wachache ambao wazee wao bado wana deki. Mkiwapata, msiwacheke. Waulizeni deki gani, wapikieni MPEG-2, na msiwape faili la MP4 mkadhani mmewasaidia. Siku hizi swali limegeuka kuwa "utaichezea wapi?", lakini ni lilelile. Mimi nimeongeza la pili, ambalo Mama Aika hakunifundisha: nani asiione?

Mwaka huu Tatu alikuja Ilala na binti yake, msichana aliyekwisha kumpita mama yake kimo. Jina lake Mwanahawa. Nikawasha mashine nikasikia inakwaruza. Picha ikaja, ikakwama, ikaja. Nikaisafisha lenzi yake inayosoma diski kwa pamba na spiriti, ikapata nafuu, lakini nilimwambia Tatu ukweli. Lenzi inakufa. Ikifa kabla ya diski kufungwa, Bibi anakwenda nayo. Na kufunga ni kuandika, huenda mashine ikafia hapohapo katikati.

"Ningeweza kwanza kuihamishia kwenye kompyuta," nikasema. "Iwe faili, tuwe na akiba."

"Faili sitaki," akasema. Hakupandisha sauti.

"Basi tuifunge sasa hivi."

Aliwaza. "Ukishaifunga, hakuna kuongeza?"

"Hakuna."

"Basi kabla hujaifunga, mwandike huyu."

Nikamkatalia. Nilimwambia kila tunapoiandikisha tunaipunguzia uhai, na kwamba anahatarisha kila kitu kwa ajili ya dakika moja. Nilisema kama fundi, na nilikuwa sahihi. Tatu akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi alikuja kwenye harusi yangu anaumwa vile," akasema. "Na huyu hajawahi kumwona."

Nikatoa kamera. Mikono yangu haikuwa imara kama zamani, nikaiegemeza juu ya Mkwe. Tatu akakaa na binti yake, akatazama lenzi, akasema, "Bibi, huyu ndiye Mwanahawa." Msichana akajitanda vizuri, akasema, "Shikamoo, Bibi."

Kisha akasubiri. Ndivyo alivyolelewa, ukiamkia mtu mzima unangoja jibu. Akaendelea kusubiri, anaitazama kamera.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nikazima, nikaiamuru mashine ifunge. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Tatu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hatimaye kidroo kikatoka chenyewe na diski juu yake. Nikampa Mkwe. Akaizungusha, akakoroma kama ilivyo desturi yake, kisha picha ikatokea, safi, singo ikianza. Tatu akajifunika uso kwa mtandio wake.

Alipokuwa akiondoka niliizungushia diski khanga, nikamuuliza kama mumewe anajua.

"Anajua ipo," akasema. "Anajua pia haimhusu."

Ile ndiyo kazi yangu ya mwisho. Deki ya kurekodi haikuwaka tena, na sijaipeleka kwa fundi. Maisha yangu yote kazini sikuacha sauti yangu kwenye harusi ya mtu, na Mama Aika angenisema sana. Lakini diski imefungwa, na neno langu limo humo pamoja na maneno ya Bibi. Hakuna tena wa kulikata.